Kazi ya duka la kuchapisha na kutuma vifurushi: ya kujua kabla ya zamu ya kwanza

Anayeanza kazi hii huogopa mashine. Lakini mashine huzoeleka upesi. Kinachoharibu oda, mara nyingi, ni swali ambalo halikuulizwa mteja akiwa bado amesimama kaunta. Akishaondoka, kila usichokijua unakibahatisha, na ukikosea unarudia kazi kwa karatasi na wino wa duka.

Mteja akisema "nitolee kopi hamsini," bado hujaambiwa kitu. Upande mmoja au pande mbili? Rangi au nyeusi? Zipangwe seti kwa seti, au kurasa za kwanza zote pamoja? Zibanwe pini, na pembe ipi? Anazitaka saa ngapi? Andika majibu kwenye fomu ya oda, kisha msomee kwa sauti. Kisha toa nakala moja tu, mkabidhi, umwache aitazame kwa utulivu. Akikubali, ndipo ubonyeze hamsini. Hata foleni ikifika mlangoni, hatua hii usiiruke, kwa sababu foleni ndiyo inayozaa makosa.

Kwenye pande mbili kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote. Kurasa zilizosimama zinazobanwa kushoto, na zilizolala zinazobanwa juu, hugeuzwa kwa upande mrefu. Kurasa zilizosimama zinazobanwa juu, na zilizolala zinazobanwa kushoto, hugeuzwa kwa upande mfupi. Ukichagua kinyume, ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini, na hutagundua kama unaangalia upande wa mbele tu.

Faili kabla ya karatasi

Omba PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine huweza kupoteza fonti zake, mistari ikasogea, na ukurasa wa 12 ukawa wa 13. Kama mteja hana PDF, fungua faili mbele yake na umwonyeshe ukurasa mmoja mmoja. Flashi yake ipitishe kwenye programu ya kuzuia virusi kwanza. Virusi vikiingia kwenye kompyuta ya kaunta, kila flashi itakayochomekwa baadaye inaweza kuondoka navyo.

Picha iliyopita WhatsApp huwa imebanwa. Kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi inatoka na ukungu. Kwa uchapaji safi unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, maana yake picha ya kujaza A4 iwe na pikseli kama 2,480 kwa 3,508. Mwombe mteja aitume upya kama dokumenti, si kama picha. Na rangi mwambie mapema: skrini huonyesha rangi kwa mwanga, printa huzitengeneza kwa wino wa rangi nne. Bluu kali na kijani cha kuwaka ndizo zinazofifia zaidi. Mteja aliyeonyeshwa sampuli atachagua. Asiyeonyeshwa atalalamika, na ana haki.

Angalia pia kipimo. Kompyuta nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uingie kwenye eneo la kuchapika, ukatoka kwa asilimia 96 au 97. Kwa barua si neno. Kwa patroni ya kushonea, ramani au picha za pasipoti ni hasara, kwa hiyo chagua "ukubwa halisi," kisha weka rula juu ya karatasi. Kutoka A4 kwenda A3 ni asilimia 141. Kutoka A4 kwenda A5 ni 71. Kazi inayokatwa hadi ukingoni iongezewe milimita 3 za rangi kila upande: kadi ya milimita 85 kwa 55 iletwe ikiwa 91 kwa 61, vinginevyo kisu kikiteleza kidogo tu unabaki mstari mweupe. Kijitabu kinachokunjwa katikati kinataka kurasa zinazogawanyika kwa 4. Mteja akileta 18 zitakuwa 20, basi muulize kurasa mbili tupu zikae wapi.

Mashine na karatasi

Karatasi ya kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba. A4 moja ya aina hiyo ina gramu 5, rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5, na hesabu hii itakusaidia kukadiria mzigo wa vijitabu bila mizani. Vipeperushi huvutia kwa gramu 130 hadi 150, kadi kwa 250 hadi 300. Ukibadilisha karatasi kwenye trei, ieleze na mashine. Ikidhani karatasi nene ni nyepesi itaipitisha kwa mwendo na joto la karatasi nyepesi, na tona, yaani wino wa unga, haitashika. Pitisha kidole gumba juu ya maandishi ya nakala ya kwanza: yakifutika, kosa liko kwenye mpangilio wa trei, wala mashine haijaharibika.

Karatasi inayokwama kila mara, mara nyingi huwa imeingiwa na unyevu. Acha rimu ndani ya kanga yake mpaka utakapoihitaji, ipepete kingo kabla ya kuipakia, na usipite mstari wa juu wa trei. Ikikwama, fungua milango kwa mpangilio unaoonyeshwa kwenye skrini, shika karatasi kwa mikono miwili, uivute taratibu kufuata njia yake. Ikichanika, kusanya vipande uvioanishe mezani hadi ukurasa ukamilike, kwa sababu kipande cha ukubwa wa ukucha kilichobaki ndani kitakwamisha inayofuata. Sehemu inayoyeyushia tona huwa ya moto sana, usiiguse.

Mistari mirefu kwenye kopi nayo husema ilikotoka. Ukiiona pale tu unapotumia kilishi cha juu, kile kinachovuta karatasi zenyewe, na kopi ikatoka safi unapolaza karatasi kwenye kioo kikubwa, tazama ule ukanda mwembamba wa kioo kando yake. Tone la gundi au la wino wa kusahihishia, hata dogo kama punje ya mchanga, linachora mstari ukurasa mzima. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Madoa yanayojirudia kwa umbali uleule yanatoka kwenye dramu au rola za ndani ya mashine, na hayo hayatibiki kwa kufuta kioo.

Usiingize kwenye mashine ya leza karatasi ya plastiki au ya picha iliyotengenezwa kwa ajili ya printa ya wino wa maji. Huweza kuyeyuka ndani na kuharibu sehemu ya moto.

Kulaminisha ni kazi ya dakika moja ambayo haina kurudi nyuma. Ingiza upande uliofungwa kwanza, acha ukingo wa plastiki wa milimita 3 kuzunguka karatasi, usikate ukaifikia karatasi. Risiti za mashine ya malipo zimetengenezwa kwa karatasi inayobadilika rangi kwa joto: ukizilaminisha zinageuka nyeusi mbele ya macho yenu. Cheti halisi mshauri mteja akiache kilivyo alaminishe nakala, kwa kuwa zipo ofisi zinazokataa cheti halisi kilichofunikwa plastiki.

Kila mteja anapoondoka, inua kifuniko cha kioo. Vitambulisho na vyeti vya watu husahaulika hapo kila siku. Faili alilokutumia lifute, hata kwenye kikapu cha taka. Watu wanatukabidhi mikataba, majibu ya hospitali na taarifa za benki. Kuyasoma zaidi ya inavyohitajika kwa kazi ni kuwavunjia heshima.

Upande wa vifurushi

Swali la kwanza: ndani kuna nini? Liulize kabla boksi halijafungwa. Manukato, rangi za kunyunyiza na viberiti vya gesi hushika moto. Betri za lithiamu zina sheria zake: tangu Aprili 2016 zile za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege za abiria, na benki ya umeme ya simu huhesabiwa kuwa betri iliyo peke yake. Nguvu yake unaipata kwa kuzidisha volti kwa uwezo wa mAh, kisha kugawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati (Wh) 74. Saa-wati 100 ndiyo kipimo ambacho masharti huwa makali zaidi kikipitwa. Hakikisha kanuni za kampuni unayotuma nayo, na kama haikubali, kataa kwa upole na useme sababu.

Ufungaji wenyewe: kila kitu kivikwe peke yake kwa plastiki ya mapovu, mapovu yakigusa kitu, kisha pawe na nafasi ya sentimita 5 za kujazia pande zote sita. Sahani zisimame kwa ukingo, zisilazwe. Chupa ya maji maji ifungwe kizibo kwa utepe na iingie kwenye mfuko wa plastiki. Boksi livushwe utepe mpana kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo mbili, juu na chini. Litikise karibu na sikio. Likisikika, fungua ujaze. Kitu kilichofungwa vibaya mara nyingi bima haikilipi.

Bei huwashangaza wateja kwa sababu ya uzito wa ujazo, yaani uzito unaohesabiwa kwa ukubwa wa boksi. Kampuni nyingi za kusafirisha kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 9.6 hata kama ndani mna viatu vya kilo 3. Hamishia kwenye boksi la 40 kwa 30 kwa 20, itakuwa 4.8. Pima palipovimba, maana kampuni nayo itapima hapo.

Lebo ikae kwenye uso mpana ulio tambarare, isivuke mshono wala kona, na msimbo wa mistari usikunjwe. Lebo za zamani zibandue zote. Nakala ya anwani na simu ya mpokeaji iingie ndani ya boksi, kama ya nje itachanika. Kwa mzigo wa nje ya nchi, neno "zawadi" halitoshi forodhani. Andika "fulana 3 za pamba, zilizotumika," na thamani ya kila moja.

Jua gari la kubeba mizigo linakuja saa ngapi, na mteja anayefika baadaye mwambie wazi kwamba mzigo utaondoka kesho. Siku ya kufika iite makadirio. Mpe risiti yenye namba ya ufuatiliaji, umwonyeshe namba yenyewe kwa kidole. Dereva akifika, hesabu vifurushi pamoja naye, skani kila kimoja, na usitie sahihi mpaka idadi ya rafu na ya orodha zilingane.