Jinsi ya kukusanya historia ya mji wa reli: maelezo ya binti wa gadi, Tabora

Baba yangu alikuwa gadi. Kwa mliozaliwa juzi, gadi ni yule mtu wa behewa la mwisho: bendera ya kijani na nyekundu mchana, taa usiku, filimbi shingoni wakati wote. Akirudi zamu kutoka Kigoma tulijua kabla hajabisha hodi, maana harufu ya migebuka, samaki wa huko, ilimtangulia mlangoni. Mama aliwasha jiko saa ileile, hata iwe saa nane za usiku, nasi tuliamshwa kula.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na tangu hapo kazi yangu ni kuwasumbua wazee wa reli waliobaki hapa Tabora. Nina madaftari kumi na moja. Vijana wa Kigoma, Urambo na Itigi wameniuliza naanzia wapi, na kwa kuwa reli ya kisasa nayo inajengwa kuja huku kwetu na wazee hawatusubiri, nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Kabla hujagonga mlango wa mtu, jiulize swali moja: reli iliukuta mji wako, au iliuzaa? Tabora iliikuta. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapumzika hapa miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kulazwa, na Wanyamwezi walikuwa wapagazi wanaojulikana mpaka pwani. Kwa hiyo ukiandika historia ya reli Tabora ukaanza na Mjerumani, umeanza katikati ya hadithi. Lazima umuulize mpagazi alikwenda wapi treni ilipochukua mzigo wake. Kigoma ni habari nyingine. Mji mkongwe pale ni Ujiji. Reli ikaenda kuishia jirani, penye bandari ya kina kizuri, na mji ukahamia kwenye reli. Mtu wa Kigoma aanzie Ujiji, aulize nani alihama, nani aligoma kuhama, na kwa nini.

Mpwa wangu anaendesha lori Marekani, na njia yake hupita mji mdogo unaoitwa Evanston, jimbo la Wyoming. Anajua ugonjwa wangu, basi akisimama kujaza mafuta hunitumia picha. Ule ni mji uliozaliwa na reli kabisa. Kampuni ya Union Pacific ilifika pale mwishoni mwa 1868 ikielekea magharibi. Mwanzo palikuwa na mahema, na jina la mji likatoka kwa mpimaji wa kampuni, James A. Evans. Miezi michache baadaye, tarehe 10 Mei 1869, reli ya mashariki na ya magharibi zikaunganishwa kule Promontory, Utah. Evanston ikabaki mji wa karakana, wa makaa ya mawe ya Almy hapo jirani, na wa watu walioletwa kufanya kazi, wakiwemo Wachina wengi.

Picha ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya karakana ya injini, jengo la matofali lililojengwa kwa umbo la upinde, injini ziingie kila moja chumba chake. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1910, wakati uleule reli inakaribia Tabora. Wameikarabati, watu hufanyia humo sherehe. Picha ya pili ilikuwa ya hekalu dogo la Kichina, jekundu, safi mno. Nikamwuliza mbona linaonekana jipya. Kumbe ni nakala. Lile la zamani liliungua mwaka 1922, na mtaa wa Wachina ukaisha. Nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba tarehe 2 Septemba 1885, katika mji wa Rock Springs ulio kwenye reli hiyohiyo, wachimbaji Wazungu waliwavamia wenzao Wachina wakaua watu wasiopungua 28. Walionusurika walikimbilia Evanston, kisha wakarudishwa Rock Springs chini ya ulinzi wa askari.

Tangu siku ile, nikiingia mtaa wowote wa reli natafuta kwanza nyumba ambayo haipo. Hapa kwetu, wakati wa Mwingereza, makarani na mastesheni masta wengi walikuwa Wahindi na Wagoa. Nyumba zao zipo, majina yao hayapo. Mama waliokuwa wanapikia watu wa genge, yaani kikosi cha kutunza njia, porini nao hutawakuta kwenye karatasi yoyote. Waulizie hao mapema, kabla daftari halijajaa madereva.

Sasa twende kwa mzee. Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha, usiende na vikubwa ukaonekana unanunua maneno. Shikamoo, hali za nyumbani, za watoto, za mvua. Ukiweza "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi, itamke, hata kama matamshi yako yatawachekesha. Halafu sema waziwazi umekuja kufanya nini na huwezi kufanya nini. Wazee wengi wana madai ya mafao. Wakiona kalamu na karatasi wanadhani hatimaye mtu ametumwa. Mara ya kwanza mimi sikusema, na mzee mmoja alinieleza saa mbili nzima, akamaliza kwa kuniuliza malipo yatatoka lini. Sitaki yakukute.

Usiulize "zamani ilikuwaje?" Utajibiwa "zamani ilikuwa nzuri," basi, mmemaliza. Uliza zamu. Uliamka saa ngapi? Nani alikuamsha? Palikuwa na kijana aliyezunguka kota usiku kuwagongea madirisha watu wa zamu, sisi tukimwita kolboi. Mtaje huyo tu, utaona mzee anavyokaa sawasawa kitini. Atakueleza nani alikuwa mgumu kuamka, nani alijificha kwa nyumba ndogo akatafutwa treni ikiwa imeshapata mvuke, mke wa nani alimfungia mumewe chakula cha njiani na cha nini. Kutoka kwenye dirisha lile moja utapata mtaa mzima: nani alilala kota gani, nani alikuwa jirani ya nani.

Hapo kuna mtego wa saa. Ratiba ya reli iliandikwa kwa saa ishirini na nne, mzee anahesabu kwa Kiswahili. Akisema treni ilitoka saa mbili usiku, karatasi itasema 20:00. Andika zote mbili palepale, usijiambie utakumbuka nyumbani. Na jifunze vyeo. Fayamani, yule wa kulisha moto wa injini, siyo dereva. Pointsimani, yule wa kugeuza njia za treni, siyo gadi. Mnyapara wa genge ana watu wake, mataruma yake (vile vipande vinavyolaliwa na reli) na kipande chake cha njia, na ukimchanganya na "kibarua" tu, mazungumzo yamekwisha. Hili la vyeo nitalirudia chini, maana liliniaibisha.

Tarehe ndizo zinazowasumbua vijana zaidi. Wazee hawashiki miaka, na hakuna sababu washike. Mimi nina njia yangu niliyoipata kwa mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, mke wa pointsimani. Nilimwuliza mumewe alihamishiwa wapi na lini, akasema hajui. Nikamwuliza watoto wamezaliwa wapi. Akanyoosha vidole: "Wa kwanza Kigoma, wa pili Malagarasi, mapacha Urambo, huyu kitinda mimba hapahapa Tabora." Kitinda mimba alikuwa na cheti cha kuzaliwa, wa kwanza alikuwa na cha ubatizo. Kwa vyeti viwili na vidole vitano nikapata uhamisho wote wa pointsimani yule, kituo kwa kituo. Baba wa reli alihamishwa na barua, lakini barua hupotea, mtoto hapotei. Tangu hapo nauliza uzazi kwanza.

Ukishapata miaka ya familia, ipime kwa miaka ya reli yenyewe. Hii iandike kwenye jalada la ndani la daftari:

Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza ni la Mwingereza, lilifika ziwani 1928. Tawi la Mpanda, linalotokea Kaliua, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Mwaka 1948 reli yetu iliunganishwa kiutawala na ya Kenya na Uganda. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, ulikuwa 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, tukabaki na shirika letu.

Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alijenga reli ya Mwanza chini ya Mjerumani, usimbishie mbele ya wajukuu. Pengine babu alijenga ya Tabora kwa Mjerumani na ya Mwanza kwa Mwingereza, na familia imeshona vipande viwili kuwa kimoja. Uliza, "Alikuwa na umri gani walipofika Shinyanga?" Kitambaa kitafunguka chenyewe.

Na usimcheke mtu haraka. Mzee mmoja aliniambia babu yake "alikuwa anatengeneza hela karakana ya reli." Nilitabasamu kama mwalimu anavyotabasamu mtoto akisema amemwona simba choo cha shule. Nikaandika kwa heshima tu, nikijua nitakata. Kumbe kweli. Wakati wa vita vya kwanza Wajerumani walikatiwa njia ya baharini, pesa zikaadimika, na mwaka 1916 wakapiga sarafu katika karakana ya reli pale Lulanguru, nje kidogo ya Tabora. Zilikuwepo za shaba nyeupe na nyekundu, na ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Mwezi Septemba mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Nilirudi kwa mzee kumwomba radhi, ingawa yeye hakujua nilimkosea nini. Ila nawaonya: sarafu ile sasa ni ya thamani kubwa, na matapeli wanajua. Ukionyeshwa kitu cha namna hiyo, usipige picha inayoonyesha nyumba, na usiitaje sokoni.

Chuma nacho kina maneno. Ubavuni mwa pao la reli, pale kati, mara nyingi kuna herufi zilizoinuka: jina la kiwanda na mwaka. Paka chaki juu ya herufi, zitasomeka. Mataruma ya chuma ya zamani nayo utayakuta yamegeuzwa nguzo za uzio au kizingiti cha banda la kuku. Lakini mwaka wa pao ni mwaka wa kiwanda. Mapao huhamishwa kutoka njia hii kwenda ile, basi usiape kwamba njia ilijengwa mwaka huo. Na usiingie relini bila ruhusa ya stesheni. Soma yaliyolala kando, yapo mengi.

Nyumbani kwa mzee omba kuona barua ya ajira, barua za uhamisho, kitambulisho, pasi ya kusafiria familia. Zipige picha karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa, mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko watu walikoandika madeni na majina. Usizichukue. Hata ukiambiwa "chukua tu mwanangu," usichukue. Mambo ya serikali yatafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, lakini nenda huko mwisho, ukiwa tayari na majina ya kutafuta, vinginevyo utasoma mafaili ya wakubwa wiki nzima na kurudi na wakubwa tu.

Sauti ihamishe kwenye kifaa kingine jioni ileile. Nilipeleka simu kwa fundi abadilishe kioo, ikarudi inang'aa na tupu kabisa. Mazungumzo manne yalikwenda, na mmoja wa wale wanne tulikwisha kumzika.

Kuandika, andika siku moja ya mtu mmoja. Usianze na mkoloni wala na idadi ya kilomita. Hivyo vitaingia vyenyewe treni ikishaondoka. Halafu rudi umsomee. Hatua hii watu wanairuka kwa haraka ya kuchapisha, na mimi nilikaribia kuiruka. Nilikuwa nimeandika habari za mzee mmoja wa Cheyo, nikamwita dereva wa treni ya mvuke. Mwanawe alifurahi, akataka nakala tatu. Nilipomsomea mwenyewe, alinyamaza, akashusha kikombe cha chai.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa fayamani miaka kumi na minne. Dereva alikuwa mwingine, amekufa, ana watoto wake Isevya. Wakisoma hiyo watasema nimemwibia baba yao kiti."

Nikakata neno mbele yake kwa kalamu nyekundu, nikaandika fayamani. Akaomba aone. Akaangalia, akanirudishia karatasi.

"Sasa soma tena pale pa kolboi."