Kufundisha kazi moja ya mikono hadi mwanachuo aiweze: mwongozo kutoka karakana ya umeme, Moshi

Naandika kwa ajili ya mwalimu aliyekabidhiwa darasa la ufundi kwa mara ya kwanza. Huenda umekuwa fundi wa mtaani miaka mingi, Majengo hadi Pasua wanakujua, na sasa chuo kimekuita ufundishe. Huenda umemaliza mafunzo ya ualimu wa ufundi kule Morogoro na wiki ijayo unasimama mbele ya vijana ishirini na nne. Mimi nafundisha umeme wa majumbani hapa Moshi. Nitachukua kazi moja tu, kufunga soketi ya pini tatu, nikupitishe ninavyoifundisha tangu maandalizi hadi kufunga mlango wa karakana. Kama unafundisha ushonaji, mahali pa soketi weka kola. Kama ni uashi, weka kona ya ukuta.

Kuna jambo nalishikilia kwenye kila hatua. Ufundi wangu mimi ulishapimwa zamani. Nikiwa darasani kinachopimwa ni mikono ya wanachuo, na saa nilizotumia kuwaonyesha ninavyojua kazi ni saa walizokosa wao kuishika.

Hatua ya 1: Andika kazi kwa kitenzi unachoweza kukiona

Usiandike kwenye andalio lako la somo kwamba mwanachuo "ataelewa soketi". Kuelewa hakuonekani. Andika hivi: mwanachuo atafunga soketi moja ya ampea 13 kwenye boksi, kwa nyaya tatu za milimita mraba 2.5, ndani ya dakika 20, bila shaba kuonekana nje ya terminali (tundu lenye skrubu linaloshika waya), na waya usichomoke ukivutwa. Sentensi hiyo itakusaidia mara tatu: inakuambia ulete vifaa gani, inakuambia uonyeshe nini, na mwisho wa somo inageuka kuwa karatasi ya kupimia.

Kazi moja kwa kipindi inatosha. Saketi nzima ya mzunguko yenye breka ya ampea 32 ina wiki yake.

Hatua ya 2: Ivunje kazi, na usiivunje peke yako

Hapa ndipo mafundi wazoefu tunapoanguka, kwa hiyo usiharakishe. Mkono uliofanya kazi miaka kumi umesahau kwamba unafanya mambo mengi. Kaa na mwalimu mwenzako jioni moja. Wewe funga soketi, yeye aandike kila unachofanya, hata kile unachokiona ni upuuzi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliamini kazi ina hatua sita. Mwenzangu aliandika kumi na moja. Kati ya zile tano nilizokuwa nazificha bila kujua, moja ilikuwa hii: nikishamenya waya milimita 10 hivi, naikunja ncha ya shaba irudi juu yake yenyewe kabla ya kuiingiza kwenye terminali, ili skrubu ipate mwili wa kuukandamiza. Nilikuwa nimefundisha mwaka mzima bila kuitamka. Wanachuo wangu walikuwa wanaona vidole vyangu vikifanya kitu haraka haraka, na nyaya zao zinachomoka.

Gawa karatasi kwa mstari katikati. Kushoto andika kinachofanyika, kulia andika pale penye roho ya kazi: kinachoharibu kazi kikikosewa, au kinachoumiza mtu. Utaratibu huu ulienea viwandani Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipohitaji kufundisha maelfu ya watu wapya ambao hawajawahi kushika mashine, na kadi waliyopewa wasimamizi wa kufundisha ilisema wazi kwamba mfanyakazi asipojifunza, mwalimu hajafundisha. Nimeuandika usemi huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Hatua ya 3: Panga karakana kabla hawajaingia

Wanachuo ishirini na nne, mbao sita za mazoezi, wanne kila ubao. Kila ubao uwe na bisibisi mbili, plaizi, kisu cha kumenyea na vipande vya waya vya kuharibu. Vipande hivyo ni muhimu, kwa sababu mtu anayeogopa kuharibu waya hajifunzi kumenya. Sisi hukusanya mabaki kwa mafundi wanaojenga huku Rau na Kiboriloni. Ukiomba kwa heshima wanakupa gunia zima.

Umeme usiwepo kwenye mbao. Zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo uingie mfukoni mwako na ukae humo hadi hatua ya 7. Hata kwa mtu unayemwamini, hata kwa dakika moja.

Sasa mahali pa kusimama. Soketi yetu ukiitazama usoni, erthi (ya waya wa usalama) ikiwa juu, laivu (ya waya unaoleta umeme) iko chini kulia na nyutro (ya waya unaourudisha) chini kushoto. Lakini fundi anaifunga akitazama mgongo wake, na kwa nyuma mambo yamegeuka: laivu iko kushoto. Ukisimama ukitazamana na darasa huku umeishika, wewe unaona mgongo na wao wanaona uso. Ukisema "kulia", nusu ya darasa itashika upande usio wenyewe, na kosa la kupishanisha laivu na nyutro halionekani kwa macho. Feni itazunguka vizuri tu na hatari itabaki ukutani. Kwa hiyo mimi nawaita wasimame nyuma ya bega langu, kwa mafungu, waone ninachoona. Na neno "kulia" nimelifuta kabisa kwenye somo hili. Nawafundisha wasome herufi zilizochongwa kando ya terminali: L, N, E. Vifaa vimeandikwa Kiingereza, maelezo natoa Kiswahili, na herufi hizo tatu nataka wazitafute kwa kidole kabla ya kugusa skrubu.

Hatua ya 4: Fungua somo kwa dakika tano

Nilimshuhudia mwalimu mmoja kijana, mwenye moyo sana, akianza somo la soketi na bwawa la Nyumba ya Mungu. Akaeleza maji, akaeleza mashine zake za megawati 8, akachora nguzo mpaka mjini. Ni habari nzuri, na wanachuo waliipenda. Soketi ilianza kufungwa zikiwa zimebaki dakika kumi na tano.

Mimi huleta soketi iliyoungua, ile yenye doa jeusi kwenye tundu, naizungusha ipite mikononi mwao. Nauliza: hapa kilitokea nini? Darasani huwamo waliowahi kuwa saidia fundi, nao wana majibu. Mwaka fulani nilikuwa na mwanachuo mwenye umri wa baba yangu mdogo, aliyekuja kurasimisha ujuzi alioupata kwenye saiti. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwomba aeleze yeye. Akanusa ile soketi, akasema, "Skrubu ililegea hapa, mwalimu. Waya ukawa unacheza, ukapata moto." Kwa sentensi hizo mbili darasa zima likajua kwa nini tunakaza skrubu, na yeye akajua kwamba miaka yake ya saiti ina thamani humu ndani.

Hatua ya 5: Onyesha mara tatu

Mara ya kwanza funga soketi kwa mwendo wa kawaida, kimya. Waone kazi nzima inavyofanana na isivyochukua muda.

Mara ya pili funga polepole, ukitaja kila hatua na kila penye roho ya kazi kutoka kwenye karatasi yako. Hapa usiongeze hadithi. Rangi za nyaya zitaje sasa: kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni erthi. Waambie pia kwamba wakifungua kuta za nyumba za zamani watakuta nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, kwa hiyo rangi isiwe sababu ya kuacha kupima.

Mara ya tatu wao waseme, wewe ufanye. Mmoja anataja hatua, mkono wako unafuata alichosema, hata kama karuka. Akisahau kusema "kunja ncha", usiikunje. Kaza, kisha mwambie auvute waya. Ukichomoka, watajisahihisha wenyewe kwa sauti. Mara hii ya tatu ndiyo walimu wengi huiruka kwa kuona wanapoteza muda. Daktari wa upasuaji Rodney Peyton aliieleza mwaka 1998 kwa ajili ya kufundisha madaktari: mwanafunzi aitaje kazi kwanza, ndipo aifanye. Kama inawafaa wanaoshika kisu cha upasuaji, inatufaa na sisi wa bisibisi.

Hatua ya 6: Mikono nyuma

Sasa wanafanya wao, na wewe fungia mikono mgongoni. Nasema hivyo kwa maana yake halisi, shika kiganja kimoja kwa kingine nyuma ya kiuno, kwa sababu utajaribiwa.

Nilijaribiwa nikashindwa. Alikuwepo binti mmoja kutoka Kibosho, mtulivu, hakuwa anauliza. Nilipita kwenye ubao wake nikaona skrubu ya laivu imekaza juu ya ganda la plastiki: aliingiza waya mbali mno, ganda likaingia terminali, shaba ikapita upande wa pili bila kubanwa. Ukitazama juu juu, kazi ilikuwa safi kuliko ya wenzake. Nikamchukulia bisibisi mkononi, nikalegeza, nikavuta waya nyuma kidogo, nikakaza. "Umeona?" Akasema, "Nimeona, mwalimu." Nikaondoka nimeridhika. Wiki iliyofuata akafanya kosa lilelile, mahali palepale. Alichoona ni mikono yangu ikienda kasi. Skrubu haikuwahi kumwambia kitu, kwa sababu niliishika mimi.

Mara ya pili nilisimama tu. Nikamwambia, "Mwanangu, vuta huo waya." Akauvuta, ukatoka wote. Akautazama. Akaingiza kucha kwenye ganda la plastiki, akaona alama ya skrubu imechimba pale pale. Hakunihitaji tena, alikata ncha, akamenya upya, akapima urefu kwa kuusogeza kando ya terminali kabla ya kuingiza. Kupima kule mimi sikumfundisha. Leo kila darasa nalifundisha kupima hivyo, nimejifunza kwake.

Ukipita kwenye mbao, tumia maswali ya namna hii: Vuta, inasemaje? Herufi gani iko hapo? Skrubu inashika nini? Gusa kazi ya mwanachuo kwa sababu moja tu, pale mtu anapokaribia kuumia. Hapo usiulize swali, zuia.

Angalia pia nani anashika bisibisi. Katika kundi la wanne, wavulana wenye haraka hufunga soketi zote na wasichana huachiwa kushika boksi na kufagia. Nisipotaja majina, hali hiyo haijirekebishi. Nataja: sasa ni zamu ya fulani, wengine mikono mezani.

Hatua ya 7: Pima mbele yake

Ichukue ile sentensi ya hatua ya 1, igeuze iwe orodha ya ndiyo na hapana. Herufi na nyaya zimelingana? Shaba haionekani nje? Kila waya umevutwa ukabaki? Kisha vipimo: mwendelezo wa erthi (kwamba waya wake haujakatika popote), halafu mega ya volti 500 (kipimo kinachoonyesha kama umeme unavuja kati ya nyaya), ambayo haitakiwi kusoma chini ya megaohmu 1 kati ya laivu na erthi. Mwanachuo mwenyewe ashike kipimo na asome namba kwa sauti.

Mfumo wetu wa umahiri una majibu mawili, ameweza au bado. Nimeona walimu wakitoa asilimia 80 kwa soketi yenye erthi iliyolegea, kwa sababu nyaya mbili nyingine zilikuwa nzuri. Tafadhali usifanye hivyo. Atakayeshika pasi kwenye soketi hiyo ni mama wa mtu, na volti ni 230. Andika "bado", mwambie ni kitu gani hasa bado, na mpe siku ya kurudia.

Zikipita zote, ndipo ufunguo unatoka mfukoni. Unawasha wewe, kupitia RCD (swichi inayojizima umeme ukivuja) ya miliampea 30, wanachuo wakiwa hatua mbili nyuma.

Hatua ya 8: Daftari, kisha fagio

Kabla hujaenda nyumbani andika mistari mitatu: nani bado na kwa kosa gani, hatua gani iliwasumbua wengi, na nini ubadilishe kwenye andalio. Daftari hilo ndilo ninalolitumia wakati wa fildi. Nampigia fundi aliyempokea mwanachuo wangu, namwambia, "Kaka, huyu kijana anakaza vizuri ila anamenya waya kupita kiasi, mwangalie hapo." Fundi akijua pa kuangalia, anakuwa mwalimu pamoja nawe.

Hesabu bisibisi, ziwe kumi na mbili. Vipande vya shaba vyote viingie kwenye kopo, maana vikibaki sakafuni vinachoma miguu ya darasa la jioni. Na wale walioandikiwa "bado", waachie ubao ulio karibu na dirisha, penye mwanga, wauanze wao kipindi kijacho kabla ya wenzao kuingia.