Kabla ya kumpeleka mtoto mwenye pumu ya ngozi kliniki

Anza na tyubu. Kusanya kila krimu na kila kopo ambalo mtoto amewahi kupakwa, hata yaliyokwisha, hata ule mkorogo wa shangazi usio na lebo. Krimu nyingi za mchanganyiko zinazouzwa duka la dawa bila cheti cha daktari zina steroidi kali ndani (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) pamoja na dawa ya fangasi. Mtoto hutulia siku chache, akiachishwa ugonjwa unarudi kwa kishindo. Kama ni fangasi tangu mwanzo, steroidi huvuruga sura yake hadi hata daktari akababaika. Wazazi wengi huficha makopo haya kwa aibu, wakati ndiyo yenye habari zote.

Pili, picha. Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa kwa kutazama Wazungu, ndiyo maana dalili inayotajwa kwanza ni wekundu. Kwa watoto wetu wekundu haujitokezi vizuri. Utaona rangi ya kijivu, zambarau au weusi uliozidi, vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo, na ngozi iliyokomaa nyuma ya magoti na kwenye viwiko. Mpige picha siku amelipuka, karibu na dirisha, bila flashi. Tarehe ya kliniki ina tabia ya kufika ngozi ikiwa imetulia.

Andika pia juma lililopita lilivyokwenda. Kuna dodoso fupi la POEM, lililotungwa Nottingham, Uingereza, lenye maswali saba tu: ni siku ngapi ngozi iliwasha, ilimkosesha usingizi, ilitoa damu, ilitoa majimaji, ilipasuka, ilibanduka, ilikuwa kavu. Daftari la shule linatosha. Na kama nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, sema mapema: huenda ni upele wa kuambukizana unaoletwa na vijidudu vya ngozi (skebi), na hapo mnatibiwa wote.

Ukifika, uliza dawa inapakwa kiasi gani. Kipimo kinachotumika ni dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, kama nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Uliza na mafuta. Ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara baada ya kuoga, hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo.

Huenda ukaombwa mtoto aingie kwenye utafiti, hasa hospitali kubwa kama KCMC Moshi, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi ningekubali kusikiliza. Mabadiliko ya jeni ya filagrini (protini inayosaidia kuimarisha ukuta wa ngozi) yaliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2006 yaligunduliwa kwa watu wa Ulaya, na kwa Waafrika hupatikana kwa nadra. La kwetu litajulikana tukichunguzwa sisi. Ila usisaini koridoni. Ulizia kibali cha maadili (kwa Tanzania, cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), picha za mtoto zitaonwa na nani, nauli anatoa nani, na kama mnaweza kujitoa bila kupoteza matibabu.

Tarehe haisubiriwi yakitokea malengelenge au vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vinavyouma kuliko kuwasha, pamoja na homa. Hiyo yaweza kuwa maambukizi ya virusi vya herpesi juu ya pumu ya ngozi. Nenda siku hiyohiyo, na vikiwa karibu na jicho usingoje kupambazuke.