Somo: Kupanga mbizi ya kwenda Britannic

Britannic, dada yake Titanic, ilikuwa meli ya hospitali. Tarehe 21 Novemba 1916 iligonga bomu lililotegwa na nyambizi ya Kijerumani U-73 karibu na kisiwa cha Kea, Ugiriki, ikazama kwa dakika 55. Imelala ubavu wa kulia, mita kama 120 chini. Urefu wake ni mita 269, kwa hiyo omo (sehemu ya mbele) lilifika chini tezi (sehemu ya nyuma) ikiwa bado juu ya maji.

Hatua ya 1: Kibali. Ulizia serikali ya Ugiriki masharti ya kushuka kwenye meli hii. Anzia hapo, kabla hujakodi hata mtungi mmoja.

Hatua ya 2: Gesi. Hapa tutakaa kidogo. Kwenye mita 120 shinikizo ni baa 13 (baa 1 ni shinikizo la hewa juu ya maji). Oksijeni ya hewa ya kawaida, asilimia 21, inafika baa 2.7: ni sumu, unashikwa na degedege ukiwa majini. Nitrojeni nayo inalevya. Tunazipunguza zote mbili na kujaza heliamu, gesi isiyolevya, kwa mfano oksijeni asilimia 10, heliamu 70, nitrojeni 20. Sasa oksijeni ni baa 1.3, inavumilika. Lakini gesi hiyo hiyo ukiivuta juu ya maji inakupa baa 0.1 tu, na unazimia bila dalili. Ndiyo maana tunaanza na gesi ya kushukia, kisha tunabadili. Kila mtungi uandikwe kina chake kwa herufi kubwa. Wengine wanaogopa kilindi. Mimi naogopa mtungi usio na maandishi.

Hatua ya 3: Kiasi. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu, kule chini anamaliza 260. Dakika 20 ni lita 5,200, bado akiba. Kwa hiyo wengi hutumia kifaa kinachosafisha pumzi kwa chokaa na kuirudishia oksijeni, huku mitungi ya dharura ikining'inia ubavuni.

Hatua ya 4: Kupanda. Dakika 20 za chini zinalipwa kwa saa kadhaa za kupanda kwa vituo kwenye kamba. Nitroksi (mchanganyiko wa nitrojeni na oksijeni) yenye oksijeni asilimia 50 kuanzia mita 21, oksijeni tupu mita 6. Mkondo wa Kea una nguvu, na meli kubwa hupita juu yako.

MASWALI

Mwalimu, kifaa kikigoma mita 100, si nipande tu?
Hapana, ndugu yangu. Gesi iliyoyeyuka mwilini itatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Hamia mtungi wa dharura palepale, kisha upande kwa vituo vyako.

Kwa nini madirisha mengi yako wazi?
Yalifunguliwa ili wodi zipate hewa. Meli ilipoinama, maji yakaingilia humo. Hata hivyo, kati ya watu zaidi ya 1,000 walikufa 30, wengi wao kwenye mashua zilizovutwa na rafadha (panga linaloisukuma meli) iliyokuwa bado inazunguka.

Shikamoo mwalimu. Sahani moja tu ya kumbukumbu?
Marahaba. Hata kijiko, hapana. Soma tena hatua ya 1.