Kupokea michango mtandaoni bila kuvuruga hesabu

Sajilini akaunti ya kupokea malipo kwa jina lile lile lililo kwenye cheti cha usajili cha shirika lenu na kwenye akaunti ya benki. Majina yasipolingana, kampuni ya malipo inaweza kuzuia fedha hadi mlete nyaraka upya. Isifunguliwe kwa baruapepe binafsi ya mtu anayejitolea, maana siku akiondoka ataondoka na ufunguo. Wekeni wasimamizi wawili, kila mmoja na uthibitishaji wake wa hatua mbili. Mhasibu anayesoma ripoti tu hahitaji ruhusa ya kurejesha fedha.

Kwa kadi, tumieni ukurasa wa malipo wa kampuni yenyewe ili namba za kadi zisipite kwenye seva yenu. Hivyo masharti ya PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa data za kadi, yatawapungukia sana. Fomu iulize jina, baruapepe, kiasi na mfuko unaochangiwa. Inatosha.

Jaribuni kwanza katika hali ya majaribio. Stripe, kwa mfano, hukubali kadi ya mfano 4242 4242 4242 4242 yenye tarehe yoyote ijayo. Kosa la kawaida ni kufungua ukurasa kwa umma huku funguo za majaribio (misimbo inayounganisha ukurasa na hali ya majaribio) zikiwa bado mle: fomu inaonekana nzima, ila kadi halisi zinakataliwa. Kwa hiyo toeni mchango mdogo wa kweli na kuufuatilia hadi benki.

Wezi wa kadi wanapenda fomu za michango kwa sababu zinakubali kiasi chochote na hakuna bidhaa ya kusafirisha. Roboti hupitisha mamia ya kadi za wizi kwa viasi vidogo ili kujua zipi bado zinafanya kazi, na nyinyi mnabaki na ada za malipo ambayo wenye kadi wanayapinga benki. Wekeni kiwango cha chini, kikomo cha majaribio kwa kila anwani ya IP, na kichujio cha roboti. Vyote vitatu, si kimoja.

Hesabu nyingi huharibikia kwenye makato. Tuseme ada ni 2.9% na 0.30 juu yake. Mchango wa 100 unafika benki ukiwa 96.80. Ukiandika 96.80 kwenye leja, haitalingana na risiti ya mchangiaji inayosema 100, na gharama ya 3.20 haitaonekana popote. Tena kampuni haitumi mchango mmoja mmoja; hukusanya ya siku kadhaa na kuweka benki jumla moja. Fungueni akaunti ya mpito kwenye leja: michango iingie kamili, ada na marejesho yatoke, kisha fedha zihamie benki. Salio lake lazima lilingane na fedha ambazo kampuni bado haijawatumia. Lisipolingana, anzeni na marejesho. Ndiyo husahaulika zaidi.

Mchangiaji akitaka kubeba ada, msimwongezee 3.20, kwa kuwa ada hukatwa pia kwenye nyongeza hiyo. Gawanyeni 100.30 (mchango na ile 0.30) kwa 0.971 (1 ukitoa 0.029): alipe 103.30.

Michango ya kila mwezi hupotea kimyakimya kadi zinapoisha muda. Washeni huduma ya kujaribu tena malipo yaliyokataliwa pamoja na usasishaji wa kadi (taarifa za kadi mpya kuingia zenyewe), kama kampuni yenu inazo, na mtume ujumbe mwezi mmoja kabla kadi haijaisha, wenye kiungo cha kubadilishia kadi bila kujisajili upya.