Nyumba ya mbao Mufindi: maji na mchwa kwanza, ramani baadaye

Wakuu, wengi wakitaka nyumba ya mbao huanza na picha ya kibaraza kinachotazama msitu. Mimi naanza chini, maana adui wa mbao ni maji na mchwa. Tuchukue Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, jirani na shamba la miti la Sao Hill, ambako paini haisafiri mbali.

Hatua ya 1: Kiwanja. Kitembelee mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakutaka ukae mita 60 toka ukingoni.

Hatua ya 2: Mwelekeo. Juni na Julai baridi inauma na jua liko kaskazini. Sebule na vyumba vya watoto vitazame huko.

Hatua ya 3: Miguu ya nyumba. Simamisha nguzo fupi za zege, sakafu iinuke angalau nusu mita. Kati ya nguzo na boriti weka bati lenye kingo zilizokunjwa kuelekea chini. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha kujenga njia yake ya udongo kwa nje, unaiona, unaibomoa. Kwa hiyo acha nafasi ya kupenya chini na tochi.

Hatua ya 4: Mbao. Paini iwekewe dawa kiwandani kwa mgandamizo. Oili chafu ya kupaka haitoshi. Ukikata ubao, ncha mpya ipake dawa tena. Zipange kivulini, vijiti kati ya tabaka. Kipande kimoja kipime kwenye mzani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Fundi akisema "zitakaukia ukutani", tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Paa litokeze vizuri nje ya kuta, mifereji ijaze tangi.

Maswali ya wadau

Mkuu, mlingoti (mkaratusi) unafaa badala ya paini?
Kwa nguzo na boriti unafaa, ukiwekewa dawa. Hata nguzo za umeme nyingi ni mlingoti. Kwa kuta hapana, ukikauka hupinda na kupasuka.

Mama yangu hapiki bila kuni. Tufanyeje?
Mjengee jiko la matofali pembeni, mbali na nyumba kubwa. Usibishane naye.

Mabaki ya mbao za dawa tuyapikie?
Hapana kabisa! Dawa ile ya kijani mara nyingi ina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu. Tengeneza rafu za stoo, ila si kibao cha kukatia nyanya.