Waifai haionekani kwenye Linux? Anza na namba ya kadi, usikimbilie kuinstoli upya

Mdogo wangu kainstoli Linux Mint mara tatu siku moja kisa waifai haionekani. Niliumia aliponiambia, maana flashi ni ileile na kadi ya waifai ni ileile, draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi) ambayo haikuja mara ya kwanza haiwezi kuja mara ya tatu, na mafaili yake ya chuo yalikuwa humohumo. Kwa hiyo kama na wewe umekwama hapo naomba uache kwanza kufuta kitu, fuata hivi.

Pata intaneti kwa njia nyingine kwanza. Chukua simu ya Android ichomeke kwa waya wa USB, uwe ule unaopitisha data sio wa kuchajia tu, halafu kwenye setingi za hotspoti washa kugawa intaneti kwa USB. Linux inaiona simu kama mtandao wa waya, huhitaji draiva yoyote. Na simu nyingi zinaweza kushika waifai ya nyumbani zenyewe zikaipitisha kwa USB, yaani hata bando lako haliguswi.

Sasa fungua teminali (lile dirisha la kuandikia amri) uandike:

rfkill list

Ukiona Soft blocked: yes basi waifai imezimwa tu, andika sudo rfkill unblock wifi imeisha. Ukiona Hard blocked: yes hiyo ni swichi ya pembeni ya laptopu au kile kitufe cha Fn chenye alama ya antena, hakuna amri ya kukusaidia hapo, tumia kidole. Kama kadi ya waifai haipo kabisa kwenye hiyo orodha endelea.

Hapa ndo penyewe:

lspci -nnk | grep -iA3 net

(kama waifai yako ni ya kuchomeka USB tumia lsusb). Itakuja mistari kadhaa, usitishike, tafuta ile namba ya kwenye mabano ya mraba mwishoni mwa jina la kadi, mfano [14e4:4365]. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 Intel, 10ec Realtek, 168c Atheros. Sehemu ya pili ni kadi yenyewe. Hiyo namba ndo uitafutie dawa, sio modeli ya laptopu, kwa sababu laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi tofauti kabisa na mtu akakupa amri za kadi yake zikakuvurugia yako. Halafu angalia mstari wa Kernel driver in use, kama haupo kadi haina draiva.

Tuchukue hiyo 14e4:4365, ni Broadcom BCM43142, utaikuta sana kwenye laptopu za miaka ya 2013 mpaka 2016 hivi. Hii inaweza kukudanganya, itaonyesha inatumia bcma-pci-bridge ukadhani draiva ipo, kumbe hicho ni kidaraja tu, waifai yenyewe inataka draiva inayoitwa wl ambayo sio ya chanzo huria ndo maana haiji na keneli (kiini cha Linux chenyewe). Kwenye Ubuntu na Mint:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-generic bcmwl-kernel-source
sudo modprobe -r b43 ssb brcmsmac bcma
sudo modprobe wl

Kwenye Debian paketi inaitwa broadcom-sta-dkms, na lazima uwe umewasha non-free (sehemu ya programu zisizo huria) kwenye sources.list, faili la orodha ya vyanzo vya paketi, la sivyo itakwambia haipo.

Wengi wanakwama kwenye ile amri ya mwisho, inaleta Key was rejected by service. Draiva sio mbovu, ni Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka) imekataa moduli, yaani hiyo draiva, kwa kuwa haina sahihi inayoitambua. Wakati wa kuinstoli hiyo draiva kuna sehemu ilikuomba utunge paswedi, watu wanaandika chochote wanasahau. Ile paswedi inatakiwa ukirestati, inakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kusajili funguo ya sahihi ya draiva), Continue, Yes, weka paswedi ileile. Ukiiacha ipite inapotea, itabidi uombe tena:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

kisha restati uwe makini na hiyo skrini. Unaweza pia kuzima Secure Boot kwenye BIOS ila mi naona bora kuisajili hiyo funguo, ni dakika mbili na ulinzi unabaki.

Ikifanya kazi wiki mbili halafu ikapotea baada ya kuapudeti, jua keneli mpya imeingia na draiva haikujengwa upya. Andika dkms status (dkms ndo inayoijenga draiva kwa kila keneli) uone kama keneli yako ya sasa, ile inayotajwa na uname -r, imo. Kama haimo restati, kwenye GRUB (menyu inayokuja kompyuta ikiwaka) ingia Advanced options chagua keneli ya zamani, waifai itarudi, uinstoli heda za keneli mpya (zile paketi za linux-headers) kwa utulivu.

Wenye Intel kazi yenu ndogo, draiva iwlwifi imo kwenye keneli tayari, mara nyingi kinachokosekana ni fimuwea, yaani faili linalopakiwa ndani ya kadi inapowaka. sudo dmesg | grep iwlwifi itakutajia jina la faili lililokosekana. Debian weka firmware-iwlwifi, Ubuntu weka linux-firmware, restati.

Na kama inashika vizuri ila inakatakata, hiyo mara nyingi ni kubana umeme. Fungua /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa sudo nano, badili wifi.powersave kutoka 3 iwe 2, sevu, halafu sudo systemctl restart NetworkManager.